Darasa la montaji Kijitonyama: Jumamosi mbili, elfu 80, na kola ya shati

Nimemaliza lile darasa la skripti nililokuwa nawaambia, lile la Jumamosi mbili pale Kijitonyama, na kwa kuwa watu kama sita wameshaniuliza kama linafaa kulipia naona bora niandike mara moja hapa kila mtu asome. Jina la wenyewe nalibakiza kwangu maana kuna mambo nitayalalamikia na bado tunaongea nao kuhusu hayo mambo, ila anayetaka kwenda anifuate pembeni nitamwelekeza.

Kwanza mjue darasa lenyewe ni la nini, sio kozi ya kuandika filamu nzima. Ni kitu kimoja tu, montaji na mfululizo wa shoti, yaani zile sehemu ambazo picha fupi fupi zinafuatana haraka, mtu anajifunza kazi, mapenzi yanakua, mji unaharibika, na namna ya kuziandika kwenye karatasi ili daireta, kameramani na mhariri wote watatu waone kitu kimoja. Ada elfu 80, kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 10 jioni, chai na chakula cha mchana humo humo. Ukishuka stendi ya Makumbusho unatembea kama dakika 10.

Mi nilienda nikiwa na uchungu wangu. Mwaka jana niliandikia watu filamu fupi, katikati nikaweka montaji ya mistari 11, kwenye karatasi ilikuwa nzuri sana nikawa naisoma usiku kabla ya kulala. Siku ya kushuti wakawahi mistari minne jua likazama, kesho yake gari la vifaa lilikuwa la kurudisha, basi ikaishia hapo. Filamu ilipotoka nikakuta ile mistari saba iliyobaki wameziba kwa picha za droni, Daraja la Tanzanite kwa juu, magari yanapita, bahari, magari tena. Hadithi yangu imetobolewa katikati na pale kwenye tundu pamepita daraja. Nilimlaumu kila mtu kwa miezi, na ndo nataka niwaambie hili darasa limenionyesha kwamba kosa kubwa lilikuwa kwenye ile karatasi yangu.

Mwalimu ni mama wa makamo, mpole, anaita kila mtu mwanangu hata yule mzee mmoja aliyekuja na mvi zake. Hakuanza na maelezo. Alimsimamisha kijana mmoja ukutani akamwambia tazama mbele, usicheke, usinune, akamrekodi kwa simu kama sekunde kumi hivi. Tukaenda chai, yeye na msaidizi wake wakabaki wanaunganisha vitu kwenye simu hiyo hiyo, tuliporudi akatuwekea ukutani kwa projekta. Uso wa kijana, kisha sahani ya wali inafuka moshi. Uso wa kijana, kisha kaburi bichi na shada la maua juu yake. Uso wa kijana, kisha mtoto mchanga amelala kwenye khanga. Akauliza huyu kijana anajisikiaje. Darasa zima likajibu bila kusita, ya kwanza ana njaa, ya pili kafiwa, ya tatu kapata mtoto, na dada aliyekaa pembeni yangu akaapa kabisa kwamba pale kwenye kaburi macho yalilowa. Wakati ni kipande kilekile kimoja jamani, na sisi wenyewe tulikuwepo kikirekodiwa!

Ndo akatuambia jaribio hilo ni la Mrusi anaitwa Lev Kuleshov, alilifanya miaka ile baada ya mapinduzi ya 1917, akachukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin akaupanga na bakuli la supu, na maiti kwenye jeneza, na mwanamke. Na kwamba wakati ule filamu mbichi ilikuwa adimu kule kwao kwa hiyo wakawa wanajifunza kwa kukata filamu za zamani na kuziunganisha upya. Hiyo ilinigusa sana. Hawana vifaa, wanakata walichonacho, na ndani ya kukata ndo wakagundua kwamba maana haipo kwenye picha ya kwanza wala ya pili, ipo pale zinapogusana. Mwenzake Sergei Eisenstein akaenda mbali zaidi, akasema picha mbili zinatakiwa zigongane kabisa zizae kitu cha tatu ambacho hakimo kwenye yoyote kati ya hizo, na 1925 akatengeneza filamu ya ile meli ya Potemkin yenye watu wanaopigwa risasi kwenye ngazi za Odessa na kigari cha mtoto kinateremka chenyewe. Tulionyeshwa kipande chake. Mtoto wa watu ukikiona kile kigari unanyanyuka kwenye kiti.

Neno montaji asili yake ni Kifaransa, ni kuunganisha vipande, kama fundi anavyounganisha mashine, na Wafaransa mpaka leo uhariri wote wa filamu wanauita hivyo. Hollywood ndo walilibana likawa ni kile kipande cha kufupisha muda, na miaka ya 1930 kulikuwa na mtu mmoja, Slavko Vorkapich, studio zilikuwa zinamwita maalumu kwa ajili ya hivyo vipande. Nilikuwa naona haya mambo ya historia ni ya kupoteza saa ila yalinisaidia kuelewa kwanini watu wawili wanaweza kubishana kuhusu montaji kutwa nzima na kila mmoja anaongelea kitu chake.

Sasa sehemu iliyonilipa ada yangu ni baada ya chakula. Alituwekea montaji ya mezani kwenye Citizen Kane, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1941. Mume na mke wanakula kifungua kinywa, mwanzo wamekaa karibu wanabembelezana, picha inapita kwa kasi kama upepo tunarudi palepale mezani, nguo zingine, maneno yameanza kuwa mafupi, inapita tena, tunarudi, ugomvi, inapita, mpaka mwisho wamekaa mbali kimya kabisa na mke kashika gazeti la wapinzani wa mumewe anasoma. Kama dakika mbili hivi na kidogo, ndoa ya miaka mingi imeoza mbele yako.

Mwalimu akazima projekta akauliza swali moja, lokesheni ngapi? Tukahesabu. Moja. Meza moja, waigizaji wawili, na nguo za kubadilisha. Nikakumbuka zile lokesheni zangu 11, Kariakoo, feri, Ubungo, kanisani, hospitali, ufukweni, na kila moja inataka gari, inataka ruhusa, inataka chakula cha watu, na kibali cha Bodi ya Filamu hakikuongezei masaa ya jua. Nilikaa kimya pale sikutaka hata kuandika.

Akatufundisha kitu ambacho naona kila mwandishi wa hapa Bongo angekijua mapema. Ile kanuni ya ukurasa mmoja wa skripti, kwa herufi za Courier saizi 12, ni dakika moja ya filamu, kwenye montaji inakudanganya. Mistari minane inakula robo tatu ya ukurasa, msomaji anapita nayo kwa sekunde 20, lakini kwenye ratiba ya kushuti inaweza kula siku mbili nzima. Sini ya watu wawili wanagombana sebuleni kurasa nne unaimaliza asubuhi. Kwa hiyo mstari wa montaji ni ahadi ya hela ya mtu mwingine, na prodyuza akikosa hela hakati ule mstari usio na maana, anakata ule wa mbali, na ule wa mbali unaweza kuwa ndo moyo wa hadithi yako. Alimwita mbele kijana mmoja anayefanya kazi ya kupanga ratiba za kushuti, akampa montaji zetu asome kwa sauti na kila mstari aseme utagharimu nini, watu wakaanza kufuta wenyewe kabla zamu yao haijafika.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa na skripti mpya, binti anaitwa Sikujua, anajifunza ushonaji kwa mjomba wake Manzese. Niliandika hivi:

MONTAJI – SIKUJUA ANAJIFUNZA KUSHONA
A) Sikujua anajifunza kushona.
B) Anakosea. Mjomba anamfokea.
C) Miezi inapita.
D) Sikujua sasa ni fundi mzuri, wateja wanampenda.

Mwalimu akaweka penseli juu ya C, akasema mwanangu, miezi inapita wapi? Kamera niielekeze upande gani niione? Sikuwa na jibu. Akahamia D, wateja wanampenda, wanampendaje, wamekaa wapi, wameshika nini? Alafu akaiacha karatasi akaniuliza swali la kawaida kabisa kama vile tupo barazani, fundi mgeni unamjuaje?

Hapo ndo nilianza kuongea maana mi nimekulia chini ya cherehani ya mama. Nikamwambia unamjua kwenye kola. Kola ya shati ina ncha mbili, unaishona kinyume alafu unaigeuza, na ile kuigeuza ndo mtihani, mgeni ncha moja inatoka kali nyingine inatoka mviringo, akijitahidi kuisukuma kwa ncha ya mkasi inatoboka, na kola ikitoboka hakuna kuficha, ipo shingoni mwa mteja kila mtu anaiona. Mama alikuwa anaweza kuangalia kola tu akakwambia hili shati lilishonwa na mwanafunzi. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho akasema, basi montaji yako ndo hiyo, umeisema yote na hujataja neno kujifunza hata mara moja.

Nikaandika upya palepale, na hii naiweka kama ilivyo:

MONTAJI – KIBANDA CHA MJOMBA, KWENYE CHEREHANI
A) Kola nyeupe chini ya taa. Ncha moja kali, nyingine mviringo kama kidole gumba. Mkono wa mjomba unaivuta, unaifumua.
B) Kola ya bluu. Ncha zote kali, moja imetoboka. Plasta kwenye kidole cha Sikujua.
C) Rundo la mashati ya shule limefika usawa wa bega. Sikujua anaweka ncha juu ya ncha, hazilingani, anaifumua mwenyewe kabla mjomba hajageuka.
D) Kola nyeupe. Ncha mbili sawasawa. Mkono wa mjomba unakuja, unasita, unatoa futi shingoni mwake unamvisha Sikujua.
MWISHO WA MONTAJI

Lokesheni moja, na kushuti ni nusu siku. Muda unapita kwenye rangi ya vitambaa na kwenye lile rundo la sare ambalo kila mzazi wa Dar akiliona anajua Januari imekaribia. Na hamna mtu anayesema chochote. Mwalimu alisema kila mstari ujiulize nini kimebadilika kutoka mstari uliopita, kama hakijabadilika kitu hiyo ni picha ya pambo, ifute. Tangu siku hiyo nikiangalia tamthilia nyumbani nakuta nahesabu, mtu anatabasamu ufukweni, mtu anatabasamu kwenye gari, mtu anatabasamu mgahawani, hapo hamna kilichobadilika isipokuwa blauzi.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya mfululizo wa shoti, ambao watu wengi wanauchanganya na montaji, na kiukweli hata waandishi wakubwa mpaka wake hawaushiki sana. Alivyoeleza yeye, montaji inaruka muda na mahali, inakusanya picha kuzunguka wazo moja, ila mfululizo wa shoti ni tukio moja linaloenda mbele kwa mpangilio, hiki kisha hiki kisha hiki, umelikata vipande ili liwe na mapigo. Mi nikaandika Sikujua anapeleka gauni la bibi harusi, mvua ya masika imepiga, Jangwani maji yamejaa, mwendokasi imesimama. Sikujua anashuka na mfuko, anavua ndala, anaweka gauni kichwani, maji kwenye vifundo, maji kwenye magoti. Niliipenda sana lakini yule kijana wa ratiba aliniuliza Jangwani unaijaza maji wewe? Na ukisubiri mafuriko ya kweli nani anaingiza mwigizaji mle? Ni hatari kabisa, watu wanapoteza maisha mle. Tukaibadilisha ikawa mtaro mmoja uliofurika nyuma ya nyumba, ndoo za maji na bomba, miguu yake na mfuko tu, na uso mara moja mwishoni. Mwalimu akasema sikio litamaliza kazi, sauti ya mvua na honi za magari yaliyosimama, msomaji ataijenga Jangwani yote kichwani mwake. Kuandika sauti ndani ya shoti sikuwahi kufikiria kabla.

Pia alitukataza kuandika jina la wimbo juu ya montaji, hili lilileta kelele darasani maana karibu kila mtu alikuwa ameandika wimbo fulani wa Bongo Fleva unapiga. Sababu yake ni kwamba wimbo una mwenyewe, una haki zake, kuna COSOTA wale wa hakimiliki, na ukiandika montaji ambayo haisimami bila ule wimbo basi siku wimbo ukikosekana umebaki na watu wanatembea tu. Andika mwendo wa picha, pole pole, haraka, kukatika ghafla, anayetunga muziki atakuja kuufuata. Nakubaliana naye kwa asilimia zote.

Sasa malalamiko. Tangazo lilisema watu 15, tulikuwa 27, chumba kimoja na feni mbili na moja wapo haizunguki, kufikia saa 8 mchana watu wanapepea kwa makaratasi. Karatasi za kusoma walizotugawia zilikuwa za Kiingereza kitupu, kopi ya kopi, maneno yamefifia, wenzangu kama watatu walikuwa wanaandika vizuri sana Kiswahili ila pale walipotea na wakaona aibu kuuliza, na hili liliniuma kwa sababu mwalimu mwenyewe anaeleza kila kitu kwa Kiswahili safi, sasa kwanini karatasi zisiandikwe kama anavyoongea? Umeme ulikatika Jumamosi ya pili jenereta halikuwashwa mpaka tulipolalamika, tukapoteza kama saa nzima na hawakuifidia.

Na saa hiyo iliyopotea ilikula sehemu niliyoihitaji kuliko zote, kukatisha kati ya sehemu mbili, yaani mtu yuko Mbagala anaongea na simu na mwenzake yuko Tegeta na picha inaenda huku inarudi huku. Hiyo sio montaji, ni kitu kingine, na kwenye tamthilia zetu simu ndo nusu ya hadithi. Tulipewa dakika 10. Tulichoambulia ni kwamba unaweka vichwa vya sini zote mbili mara moja, ile mistari ya kutaja mahali na wakati, unaandika kuwa tunakatisha kati ya sehemu hizo mbili, alafu maongezi yanaendelea bila kurudia vichwa kila mstari. Ni kweli inasaidia lakini lini ubaki na uso wa anayesikiliza badala ya anayeongea, hilo hatukuligusa, na kwa lile jaribio la uso na sahani ya wali tulikuwa tumeshafika mlangoni kabisa.

Kwa hiyo nawapa nyota nne, tatu na nusu kama feni bado haizunguki. Kama hujawahi kuandika skripti hata moja usianzie hapa, utatoka na mbinu na huna pa kuzibandika. Kama una skripti imekaa kwenye simu yako na ndani yake kuna sehemu umeandika miaka inapita, nenda, beba hiyo hiyo, hela haitaenda bure. Kaa viti vya mbele karibu na dirisha, na mruhusu mwalimu aweke penseli yake kwenye karatasi yako hata kama moyo unakataa.

Ile kurasa ya kola nilimtumia prodyuza mmoja Jumatatu. Akanipigia simu, hakusifia wala nini, aliuliza tu cherehani tunapata wapi. Nikamwambia ya mama ipo, ya kukanyaga, na bado inashona.